Uzi: Kuamsha pikipiki ya zamani iliyolala miaka mingi na kuifikisha kwenye hali ya safari ndefu

#1 Mleta uzi

Wakuu, pikipiki iliyolala miaka mitano au kumi haiozi pale watu wanapotazama. Chuma mara nyingi kiko salama. Kilichokufa ni mpira, vimiminika, na vitundu vidogo ambavyo hata unywele haupiti vizuri. Ndiyo maana injini inaweza kuwaka siku ya kwanza, watu wakashangilia, kisha kilomita 200 mbele ikagoma. Kuwaka si kuwa tayari. Anzeni wiki sita kabla ya safari. Kazi yenyewe haichukui wiki sita, ila vipuri vya modeli za zamani husubiriwa, na kuna matatizo yasiyojitokeza hadi injini ipate moto na kupoa mara kadhaa.

Sharti la kwanza: usibonyeze stata, usipige kiki. Ukuta wa silinda umekauka na huenda una kutu nyembamba. Ringi zikiparuzwa hapo, umejitafutia kazi ambayo hukuwa nayo.

Pulizia uchafu kuzunguka plagi kabla ya kuifungua, la sivyo mchanga unaingia ndani. Toa plagi, mimina mililita 5 za oili ya injini, yaani kijiko kimoja cha chai, katika kila silinda. Acha usiku mzima. Kesho yake ingiza gia ya juu kabisa, inua gurudumu la nyuma, lizungushe polepole kwa mkono kuelekea mbele. Linapaswa kwenda laini. Likigoma, usilazimishe: weka mafuta ya kupenyeza kutu, subiri siku mbili tatu, jaribu tena kwa kulitikisa mbele na nyuma kidogo kidogo. Pistoni iliyonata huachia kwa subira. Anayeruka juu ya kiki huvunja meno ya kiki au hupindisha fito ya pistoni.

Injini ikizunguka, mwaga oili ya zamani hata kama inaonekana safi. Ina maji na asidi. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwa wingi, tafuta yalikopitia. Safisha chujio la waya, badilisha filta kama ipo, weka oili mpya yenye alama ya JASO MA au MA2 kwa unene unaotajwa kwenye kitabu. Usiweke oili ya gari iliyoandikwa kwamba inapunguza matumizi ya mafuta, maana klachi inayoogelea kwenye oili itateleza. Oili hii ya kwanza ni ya kusafishia tu: imwage baada ya kilomita 100 hadi 200, weka nyingine.

Kisha tapeti, yaani pengo dogo la valvu, zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mwendo wa kubana. Singo (injini za silinda moja) nyingi ndogo za kupozwa kwa hewa huwa kati ya 0.05 na 0.10 mm, lakini kipimo cha kufuata ni cha kitabu cha modeli yako. Watu huogopa tapeti zinazogonga. Zinazobana ndizo hatari: valvu isiyofunga sawasawa haipati pa kumwagia joto, na kwenye safari ndefu ya mwendo wa juu inaungua ukingo.

Sehemu ya mafuta naieleza chini, kwa sababu ndiko wengi wanakwama.

#2 Mleta uzi

Petroli iliyokaa zaidi ya mwaka usiichanganye na mpya ili "isipotee". Sehemu nyepesi zinazowaka haraka zimeshapaa, iliyobaki inageuka gundi. Kama ina ethanoli imevuta unyevu, na maji yakizidi yanajitenga na kutua chini ya tanki, ambako ndiko koki inakofyonza. Harufu yake ni ya vanishi. Itoe yote.

Angalia ndani ya tanki kwa tochi ya LED, kamwe si kwa moto. Kutu nyepesi kama vumbi la rangi ya chungwa inatoka kwa asidi ya sitriki: gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya moto, jaza tanki hadi shingoni, acha saa 12 hadi 24. Kabla ya hapo toa koki na geji ya mafuta, ziba matundu, na linda rangi ya nje. Ukimwaga, suuza kwa maji yenye bikaboneti ya soda, suuza tena kwa maji safi, kausha mara moja kwa hewa ya joto, kisha zungushia mafuta kidogo ndani. Chuma kilichotoka kwenye asidi hushika kutu ndani ya dakika chache kikiachwa na unyevu.

Kabureta: hesabu mizunguko ya skrubu ya hewa au ya mchanganyiko kwa kuikaza taratibu hadi iguse, andika, ndipo uifungue. Usikaze kwa nguvu, ncha yake inachimba kiti chake. Kwenye aina nyingi skrubu hiyo ina springi, washa ndogo na pete ya mpira kwa mpangilio huo. Pete hiyo hubaki ndani ya tundu na watu hutupa kabureta wakidhani mbovu.

Jeti ya mwendo wa chini ndiyo inayoziba kwanza. Tundu lake lina kipenyo cha takriban 0.35 hadi 0.45 mm, filamu nyembamba ya gundi inatosha kulifunga. Ielekeze kwenye mwanga: unapaswa kuona duara safi. Tumia dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Ikikataa, uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma inapanua tundu na hutaiona tena silensa nzuri, yaani injini kunguruma taratibu bila kuongezwa mafuta. Usisahau vitundu vitatu vinne vilivyo ukutani karibu na kipepeo, vinalishwa na njia hiyohiyo.

Kabureta yenye dayaframu ya mpira: toa dayaframu kabla ya kupuliza dawa yoyote. Dawa inaivimbisha na haitarudi.

Mipira inayounganisha kabureta na injini ikiwa na nyufa, badilisha. Hewa ya wizi hufanya mchanganyiko kuwa mwepesi, injini inachemka, na mwendo wa saa tatu mfululizo unaweza kutoboa pistoni. Kupima: injini ikiwa kwenye silensa, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio hayo. Mlio ukibadilika, hapo panavuja.

Badilisha mpira wa mafuta, filta ndogo, gasketi ya bakuli na sindano ya boya. Ni vitu vidogo vinavyoamua kama utaendesha au utasukuma.

#3 Cheni428

Uzi mzuri mkuu. Kwenye tanki naongeza: wengi huweka mawe au nati ndani wakatikisa. Inaondoa kutu nene, lakini hesabu ulizoweka na hesabu unazotoa. Na ile dawa ya kupaka ndani ya tanki, je? Wengine wanaisifu sana.

#4 Mleta uzi

@Cheni428 ni ya tanki lililotoboka vitundu au lenye kutu iliyochimba. Tanki lenye kutu nyepesi halihitaji. Shida ya dawa hiyo ni maandalizi: ikipakwa juu ya unyevu au mafuta yaliyobaki, inabanduka magamba baada ya miezi, na magamba hayo huenda moja kwa moja kwenye koki. Kuitoa ni kazi kuliko kutoa kutu yenyewe.

#5 Breki Kwanza

Ndugu zangu, mmeanza na injini. Mimi ningeanza na breki, maana injini ikigoma unasimama, breki ikigoma husimami.

Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 huvuta unyevu wa hewa. DOT 4 ikiwa mpya lazima ichemke si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishavuta maji kiwango cha chini ni nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu ukiwa na mizigo unaweza kufika hapo, mvuke unatokea ndani ya paipu na mkono wa breki unazama hadi kwenye mpini. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine.

Baada ya kulala, masta silinda (pampu ya breki yenye kikopo cha mafuta) ina ugonjwa wake. Chini ya kikopo kuna vitundu viwili, kimoja kidogo mno. Mafuta ya zamani hugeuka chembechembe na kukiziba. Matokeo yake breki inashika lakini haiachii: padi zinasugua diski, joto linapanda, mafuta yanatanuka bila njia ya kurudi, na mwishowe gurudumu linajifunga lenyewe. Kabla ya kuweka mafuta mapya fungua kikopo, futa tope, hakikisha kitundu kiko wazi.

Kalipa: sukuma pistoni nje kwa mafuta yenyewe kwa kubinya mkono wa breki, usitumie kompresa ukiwa umeweka vidole mbele. Kutu kwenye pistoni hukata sili. Sili mpya zipakwe mafuta ya breki au grisi maalumu ya mpira. Grisi ya kawaida ya petroli inazivimbisha. Pini ambazo kalipa inatelezea zisafishwe, vinginevyo padi ya upande mmoja inaisha na nyingine inabaki mpya.

Paipu za mpira za miaka 15 zibadilishwe hata kama nje zinang'aa. Huvimba kwa ndani na kuwa kama valvu ya njia moja. Washa za shaba kwenye maungio ni mpya kila ukifungua. Unapotoa upepo usiache kikopo kikauke hata mara moja, la sivyo unaanza upya.

Na wenye breki za dramu msijione mko salama. Gundi inayoshikilia bitana kwenye brekishuu huachia kwa unyevu na umri. Kipande kikibanduka ukiwa kwenye mwendo, kinajikunja ndani na kufunga gurudumu. Fungua, jaribu kuibandua bitana kwa ukucha na bisibisi pembeni. Ikicheza, weka mpya. Vumbi la humo usilipulize: bitana za zamani huweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa.

#6 Mleta uzi

@Breki Kwanza umesema kweli, nimekubali. Atakayefuata uzi huu aanze na chapisho lako kabla ya kuitoa pikipiki uani.

#7 Waya Mwekundu

Umeme. Betri iliyokaa bila kuchajiwa mwaka mzima imeganda salfeti, usihangaike nayo kwa safari. Mpya chaji polepole kabla ya kuifunga, kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya 7 Ah kwa ampia 0.7.

Vipimo vya mfumo wa volti 12, multimita mkononi:

- Betri imepumzika saa kadhaa: 12.6 hadi 12.8 ni nzima, 12.4 imeshuka robo, 12.0 ni tupu kwa matumizi ya kawaida.
- Stata ikizunguka: isishuke chini ya 10.
- Injini kwenye mzunguko wa 4000 hivi, taa zikiwaka: 13.8 hadi 14.5. Ikipita 15 rekitifaya (kifaa kinachodhibiti chaji) imekufa na itachemsha betri njiani. Ikibaki 12.5 hakuna chaji.

Zenye nyaya tatu za njano kutoka kwenye koili za jenereta: chomoa soketi, pima volti za AC kati ya kila jozi. Jozi zote tatu zilingane. Kisha pima kama kuna njia kati ya waya wowote wa njano na bodi. Kusiwepo.

Lakini kabla ya kununua rekitifaya, tazama ile soketi ya njano. Mara nyingi imeungua na kuwa kahawia. Kutu kidogo inaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, joto linalegeza shaba, mduara unaendelea hadi plastiki inayeyuka. Kata, unga upya kwa viunganishi vizuri.

Waya wa ethi kutoka betri hadi kwenye fremu ufunguliwe na kusuguliwa hadi chuma king'ae. Kupima: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye injini, mtu abonyeze stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.3, umeme unapotea hapo.

Za zamani zenye platina (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke): zikilala, nyuso zake hupata ukungu na cheche hazitoki kabisa. Pitisha karatasi ngumu safi katikati yake, kama zimechimbika tumia faili laini, kisha rekebisha pengo, kwa kawaida 0.3 hadi 0.4 mm. Na ukizungusha injini plagi zikiwa nje, kila plagi ivalishwe kofia yake na iguse chuma cha injini, mbali na tundu. CDI (kisanduku cha umeme wa cheche) isiyopata pa kutupia cheche inaweza kuungua.

#8 Moshi wa Bluu

Wakuu mmewasahau wa mipigo miwili. Huku sili za kranki ndizo roho. Zikikauka, upande wa jenereta hewa inaingia na injini inajifunga ikiwa mwendoni, upande wa gia inafyonza oili ya gia na moshi mweupe mzito hauishi. Pikipiki ya mipigo miwili iliyolala miaka kumi na inayokwenda safari ndefu iwekewe sili mpya, bila mjadala.

Yenye pampu ya oili: toa upepo kwenye pampu na mirija yake. Kiputo kimoja cha hewa kinatosha kukata oili kwa muda ambao pistoni haivumilii. Kwa tanki la kwanza changanya pia oili kwenye petroli kwa 1:50, yaani mililita 20 kwa kila lita, huku pampu ikifanya kazi yake. Itatoa moshi na plagi italowa kidogo. Ukishaona kiwango kwenye kikopo cha oili kinashuka, rudi kwenye petroli tupu.

#9 Cheni428

Naleta magurudumu na cheni.

Tairi lina tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT ubavuni (si ile DOT ya mafuta ya breki): 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, liondolewe leo. Kina cha meno hakikuambii kitu kwa pikipiki iliyolala. Mpira umekauka na haushiki barabara yenye maji. Likipita miaka sita usilipeleke safari ndefu. Tyubu na utepe wa rimu vibadilishwe pamoja na tairi. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu.

Cheni ipime kwa rula, usiikadirie kwa macho. Ya namba 428 ina milimita 12.7 kwa kila pingili, kwa hiyo pingili 20 ni 254 mm. Za 520, 525 na 530 ni 15.875, pingili 20 ni 317.5. Ikirefuka kwa asilimia 2 imekwisha, yaani 259 na 324. Ikiwa imeshafika asilimia 1 kabla ya safari, badilisha pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya kwenye meno yaliyopinda kama ndoano inaliwa haraka sana. Klipu ya kiungio iwe na upande uliofungwa kuelekea inakokwenda cheni.

Ulegevu upimwe mizigo na mtu wakiwa juu. Uzito ukiishusha pikipiki, swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) inapanda na cheni inakaza. Aliyeiweka sawa pikipiki ikiwa tupu anaweza kuua beringi ya sproketi ndogo.

Beringi za magurudumu, za shingo ya usukani na za swingamu: inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole. Ukihisi kama unaingia kwenye kishimo katikati, mabakuli ya beringi yamechimbika. Shokapu za mbele zikiwa na vidoa vya kutu sehemu inayopita kwenye sili, sili mpya zitakatwa tena. Lainisha kwa msasa wa maji namba 1500 kwanza.

#10 Msafiri Mpya

Asanteni sana wakuu. Maswali mawili. Klachi ikibinywa na gia ya kwanza ikiingia, pikipiki inaruka mbele na kuzima. Na la pili, kwenye majaribio injini inazima baada ya dakika 25 hivi, ikipumzika inawaka tena. Kabureta imeshasafishwa mara mbili.

#11 Mleta uzi

@Msafiri Mpya klachi: pleti zimenatana. Pasha injini moto vizuri, izime, funga mkono wa klachi kwenye mpini kwa kamba, uache usiku mzima. Asubuhi, injini ikiwa imezimwa na mkono bado umebinywa, ingiza gia ya tatu na uisukume mbele na nyuma hadi usikie imeachia. Ikikataa, fungua kifuniko, tenganisha pleti moja moja, zilowekwe kwenye oili mpya. Zile za chuma zilizopinda au zenye kutu zisirudi.

La pili, usiifungue kabureta mara ya tatu. Endesha ukiwa na spana ya plagi na plagi nzima mfukoni. Itakapozima, ndani ya dakika moja fanya haya kwa mpangilio huu. Fungua kifuniko cha tanki: ukisikia hewa ikiingia kwa mlio na injini ikawaka papo hapo, kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kimeziba, tanki linajinyonga. Kama hakuna mlio, fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta: mafuta yakitiririka bila kukatika, mafuta si tatizo. Hapo chomeka ile plagi nzima kwenye kofia, iguse chuma cha injini mbali na kabureta, zungusha. Cheche ikiwa dhaifu au haipo, koili au kihisi cha cheche kinakatika kikipata joto. Kikipoa kitapima vizuri, ndiyo maana lazima ukipime kikiwa cha moto. Mafuta na cheche vikiwepo, rudi kwenye tapeti.

#12 Breki Kwanza

Naongezea hapo kwenye majaribio, maana ndiyo yanayofichua. Kwanza kilomita 20 karibu na nyumbani, simama, gusa kila kitovu cha gurudumu: cha moto kuliko mwenzake kina breki inayosugua au beringi mbovu. Kaza upya spoku na bolti za injini. Pili kilomita 100. Tatu kilomita 300 kwa siku moja, ukiwa na mizigo yote utakayobeba na upepo wa tairi uliopandishwa kulingana na kitabu. Jaza tanki hadi shingoni mwanzo na mwisho upate matumizi halisi: lita 10 kwa kilomita 28 kwa lita ni kilomita 280, na usipange kituo cha mafuta zaidi ya 220.

Waya mpya wa klachi na wa mafuta ilaze sambamba na ile ya zamani, ifungwe kwa utepe. Ikikatika unahamisha ncha mbili tu, huvui tanki.

#13 Msafiri Mpya

Kifuniko kilifyonza hewa kwa mlio mkubwa. Imewaka hapo hapo.

#14 Mleta uzi

Vizuri. Fungua skrubu ndogo za ndani ya kifuniko, utakuta kivalvu chenye kigololi au kipande cha mpira kilichonata. Safisha kwa dawa ya kabureta, puliza kutoka nje kuelekea ndani, hewa ipite bila kizuizi. Mpira ukiwa umeyeyuka, nunua kifuniko. Kisha rudia ile kilomita 100 nzima, usiridhike na dakika 30.